Kiroba Kilichobaki

Mwanangu, kila nikiona watu wanagawana kitu, nakumbuka siku moja kule Nyarugusu, nikiwa kijana mwenye nguvu nyingi na maneno mengi zaidi. Tulikuwa tumemaliza kutoa mawe ya dhahabu kwenye duara, yaani shimo letu, na mwenye duara, Mama Ng'washi, alikwisha kuchukua fungu lake. Sisi wachimbaji kumi tulibakiwa na viroba vya mawe elfu moja na kimoja.

Mia mia kila mtu, kikabaki kimoja. Na mawe hayana adabu; kiroba kimoja kinaweza kuwa na dhahabu nyingi kuliko vingine vyote. Kila mtu alikitaka. Shija, mmoja wetu, akaokota sururu, na mimi nikaogopa kweli.

Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikajitia mwalimu. Nikawaambia namba ile ni kaidi: haigawanyiki kwa mbili, wala tatu, wala tano, wala kumi. Inaanza kukubali kwa saba, halafu kumi na moja, halafu kumi na tatu.

"Basi tufukuze watatu, tubaki saba," Shija akasema.

Mama Ng'washi akanigeukia. "Ukigawa kwa kumi na moja?"

"Tisini na moja kila mtu, Mama. Hakibaki kitu."

"Na mlipoanza kuchimba mlikuwa wangapi?"

Tukatazama chini. Masanja, mwenzetu wa kumi na moja, alikuwa nyumbani kwake, mguu umefungwa vijiti. Jiwe lilimwangukia ndani ya shimo lile lile. Desturi yetu ilikuwa kwamba asiyefika kwenye mgao hana mgao.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, Mama," Shija akajitetea.

"Ng'wanawane," akamwambia kwa Kisukuma, kama mama anavyomwita mtoto wake, "namba haimjui Masanja. Ninyi mnamjua. Hujafa hujaumbika."

Aibu ilinishika, lakini Shija ndiye aliyeanza. Aliweka sururu chini, akatoa viroba tisa kwenye fungu lake. Nasi tukafuata, tisa tisa, vikawa tisini. Kile kimoja tulichotaka kuumizana kwa ajili yake kikatimiza tisini na moja vya Masanja. Kama kilikuwa na dhahabu, sikuwahi kuuliza.

Basi mwanangu, mgao ukigoma, usikimbilie sururu, wala usijisifie hesabu. Jiulize kwanza ni nani mliyemsahau. Mungu akujalie riziki, na siku utakapolala na mguu uliovunjika, awepo wa kukuhesabu.