Lango la Kijiji Chetu

Kijiji cha asili yetu kiko Gujarat, India, ila watu wake wengi wako Stanmore, London. Sifanyi mzaha. Kule nyumba nyingi zina kufuli, na waliobaki ni wazee, ng'ombe na kuhani wa hekalu. Huku London ukifanya harusi ukasahau kuwaalika wanakijiji, utanuniwa mpaka ufe. Baba alizaliwa Unguja na hakuwahi kuishi kijijini kule hata wiki moja, lakini ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji.

Aliyeishi kule ni shangazi, dada yake mkubwa. Baada ya mapinduzi baba alikuja Uingereza, shangazi akamfuata mumewe Gujarat, akafiwa naye hukohuko. Kila Jumapili walizungumza kwa simu kwa Kiswahili chao cha Unguja, wakicheka kama watoto. Shangazi alikuwa na kisukari na miguu mibovu. Kwenda hospitali ya mjini alitegemea basi la serikali, lililokuwa likiingia kijijini na kusimama mbele ya hekalu.

Kamati ikaamua kujenga lango. Ndiyo desturi yetu: waliotoka wakafanikiwa hujenga lango la mawe pale kijiji kinapoanzia, na juu yake huchongwa majina ya wazazi wao. Wanaume wazima wenye suti walibishana miezi na miezi jina la nani liwe wapi. Bibi yangu, mama yake baba, akapewa nafasi ya katikati. Alifia Unguja, akachomwa kwa mila zetu, majivu yakatiwa baharini, kwa hiyo jina lake halikuwa limeandikwa kwenye jiwe lolote. Wakaazi wa kijijini hawakuulizwa kitu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Picha za lango zilipofika tulikula ladu, vile vitamu vyetu vya sherehe. Jumapili iliyofuata shangazi akasema, "Limependeza sana, mdogo wangu. Ila gari haiingii tena."

Basi lina chuma cha mizigo juu ya paa, na chuma kile kilikuwa kinagonga boriti ya lango. Sasa lilimshusha barabara kuu, na kutoka pale hadi nyumbani ni mashamba ya pamba na jua tupu. Nilitamani kuizaba makofi kamati nzima, baba akiwemo.

Baba akaitisha mkutano, akataka boriti ivunjwe.

"Haiwezekani, Mr Chairman," akasema mjumbe mmoja, mwenye duka la dawa. "Those are our parents up there. Wachimbe barabara, iende chini."

Ikachimbwa. Mvua za kwanza tu, pakawa bwawa, nyati wa maziwa wakawa wanaogelea chini ya majina ya wazee wetu. Basi likarudi kuishia barabara kuu, na shangazi akaanguka njiani akitoka hospitali, akaokotwa na mtu wa trekta. Baba hakuitisha mkutano mwingine. Alikata tiketi, nami nikafuatana naye.

Shangazi alipojua kilichotuleta, alikataa katakata.

"Usiliguse. Mimi n'tatembea."

"Kwa miguu hiyo, dada?"

"Miguu yangu mwenyewe. Mama ni wetu sote."

Baba akaleta mafundi. Alisimama juani asubuhi nzima, na jiwe la katikati lilipoteremshwa alilipangusa vumbi kwa leso yake. Mimi nililia. Yeye hakulia, alikuwa akiwaelekeza mafundi mahali pa kuliweka.

Siku ya hospitali basi likaingia likipiga honi hadi hekaluni. Shangazi alikuja na mkoba wake. Baba akanyoosha mkono amsaidie kupanda.

"Unguja tulimwacha," shangazi akamwambia. "Na hapa umemtoa."

Akapanda mwenyewe, ameshika chuma cha mlango kwa mikono miwili, akapita viti vyote vitupu vya upande tuliosimama sisi, akaenda kukaa upande wa pili.