Kanuni ya Kumbeba Mwenzako

Aminiel, mdogo wa marehemu mume wangu, amechora ramani miaka thelathini na minne, na hajawahi kusafiri mbali kuliko Korogwe. Alikuwa mchoraji katika ofisi ya ardhi. Mipaka ya mashamba mengi ya upande wetu wa Meru ilipita mikononi mwake, kwa wino mweusi, kabla kompyuta hazijaja na yeye kuhamishiwa meza ya karibu na mlango, apokee barua. Alistaafu mwaka juzi. Aliwahi kuoa, ndoa haikudumu, na hayo si ya kuandikwa hapa. Ana miaka sitini na mbili na anaishi Olasiti, katika vyumba viwili vya kupanga.

Ninaandika habari zake kwa sababu mwezi wa saba mwaka huu ukoo ulisema amechanganyikiwa, nami nikatumwa kwenda kuthibitisha.

Maneno yalianzia kwa mama mwenye nyumba, Zakia, ambaye watu humwita Mama Saadi. Alimpigia simu baba mdogo Efraimu, mkubwa wa ukoo wetu sasa, akamweleza kwamba kila alasiri mpangaji wake hujifungia na kuzungumza na watu wasiokuwemo. Mmoja ana sauti nene, mwingine anacheka, wa tatu anakohoa. Kisha kitu kinagonga meza, panakuwa kimya, na Aminiel anasema kwa sauti yake mwenyewe, "Nimeanguka tena."

Efraimu alikuja kwangu Akheri, kofia mkononi.

"Mama Nice," akaniambia, kwa jina la binti yangu, "jambo hili tulishike sisi kabla halijafika usharikani. Nenda wewe. Umesoma, na yeye anakuheshimu. Ukikuta ni kweli, Jumapili baada ya ibada tunamchukua. Atakaa kwangu, tutamtafutia daktari. Na yale makaratasi yake tutayachoma."

"Makaratasi yapi?"

"Unayajua, mama. Yalianza nyumbani kwako."

Niliyajua. Katika ujana wao, mume wangu Frederick na Aminiel walikuwa wakifuata hadithi ya picha katika jarida moja la kila mwezi. Ilihusu wasafiri wanne waliovuka mlima kutafuta ziwa ambalo babu zao waliliacha. Jarida lilikufa wakati wasafiri wamebakiza vituo vitano tu wafike. Wasomaji wengine walisahau. Hawa wawili hawakuweza. Wakatunga mchezo wa kuwafikisha wale wasafiri wenyewe, mezani, kwa dadu, penseli na ramani aliyoichora Aminiel. Walianza safari upya kutoka kijiji cha kwanza. Kila mchezaji alishika msafiri mmoja aliyeandikwa kwenye karatasi yake, akasema maneno yake na kuamua mambo yake. Nguvu za msafiri zilihesabiwa kwa punje za mahindi.

Walicheza kila Jumamosi sebuleni kwangu, juu ya meza ya mninga tuliyopewa na baba yangu siku ya harusi. Walikuwa wanne: wale ndugu wawili, Mikidadi aliyekuwa fundi cherehani mjini, na Prosper, mwalimu mwenzangu wa fizikia. Mimi nilichemsha chai, nikafunga madirisha. Watu walioniuliza niliwaambia ni kikao cha kamati ya mfereji. Katika usharika wetu dadu lilijulikana kwa kazi moja tu, kamari, na mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Kwa miaka ishirini sikuketi nao hata mara moja.

Frederick alifariki miaka sita iliyopita. Jumamosi ya tatu baada ya mazishi, Aminiel na Mikidadi walikuja na kopo lao la mahindi. Niliwakuta mlangoni.

"Hapa pana msiba," niliwaambia. "Mnataka watu waseme nini?"

Waligeuka, wakaondoka. Sikuwaita tena.

Basi Ijumaa ile niliendesha mwenyewe gari la marehemu hadi Olasiti. Kulikuwa na baridi, na mlima haukuonekana kabisa. Mama Saadi alinipokea getini, khanga mabegani.

"Karibu, mwalimu. Umekuja wakati mzuri. Leo wapo wawili."

"Wawili wepi?"

"Yule anayecheka na yule wa sauti nene. Mwenye kikohozi bado." Akanisogelea. "Mimi simsemi vibaya, jamani. Halewi, hana wageni wa ovyo, kodi haichelewi. Lakini mtu akijijibu mwenyewe, mimi nilale vipi?"

"Anaongea mchana."

"Nalala mchana pia, mwalimu."

Nilipita uani. Nilipoukaribia mlango nilisikia kikohozi. Kifupi, mara mbili, halafu koo linasafishwa. Kilikuwa kikohozi cha mume wangu. Nilisimama pale na mkono hewani, sijui kwa muda gani, kisha nikabisha kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Aminiel alifungua. Alikuwa amevaa sweta la ofisini na kalamu sikioni.

"Shikamoo, shemeji. Karibu. Ngoja nitoe punje kwenye kiti."

"Marahaba. Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Aliyekohoa ni nani?"

Akaona haya. "Ni Frederick. Yaani, msafiri wake. Samahani. Bila kikohozi namsahau. Sauti nyingine ni za msafiri wangu na watu wa njiani."

Niliketi. Chumba kilikuwa safi, kitanda kimetandikwa, vyombo vimefunikwa. Meza ilikuwa ndogo, ya kulia chakula mtu mmoja, na ramani ilining'inia pande zote mbili.

"Wanasema una wazimu," nikamwambia.

"Ukoo mzima au baba mdogo?"

"Aminiel, hili si la mzaha. Jumapili wanakuja kukuchukua. Na hivi vitu vitachomwa."

Aliziangalia karatasi zake kama mtu anayehesabu mizigo kabla ya kuhama. "Jumapili hii? Toleo la nne halijakamilika."

"Toleo la nini?"

"La kanuni." Akanisogezea daftari gumu. "Nazirekebisha. Zinagoma. Wewe umesahihisha karatasi za watoto miaka yote, hebu angalia. Labda nimechanganyikiwa kweli."

Nilivaa miwani. Kama nilitakiwa kutoa ushahidi juu ya akili yake, daftari lilikuwa ushahidi mzuri. Mwandiko ulinyooka, kanuni zilikuwa na namba, kila badiliko lilikuwa na tarehe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jedwali: toleo, idadi ya wachezaji, sababu ya kurekebisha.

Toleo la kwanza, wachezaji wanne. Hapo palikuwa na mstari tu. Toleo la pili, wachezaji watatu: Prosper amehamia Dodoma. Toleo la tatu, wachezaji wawili: Frederick amefariki. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: pia hatuna meza. Toleo la nne, mchezaji mmoja: Mikidadi amekwenda kwa binti yake Tanga, macho yake hayasomi tena dadu.

Nilirudi kwenye yale maneno matatu ya herufi ndogo. Aminiel alikuwa akichonga penseli, amenipa mgongo. Hakuwa ameandika kwamba nilimfukuza. Aliandika kama mchora ramani, kilichopo na kisichokuwepo.

"Zinagomea wapi?" nikauliza.

"Pale pale lilipofia jarida. Kutoka mlimani hadi ziwani ni vituo vitano. Msafiri anaanza na punje kumi na mbili. Nimejaribu mara arobaini na moja. Sijawahi kupita kituo cha nne."

"Kituo kimoja kinakula punje ngapi?"

"Moja. Dadu likikuchukia, moja zaidi."

"Basi unafika na za kubaki. Vituo vitano, punje kumi na mbili. Hii si hesabu ya kukushinda wewe."

Nikamwambia acheze nione. Akatupa dadu, likatoa tano, safari njema. Akatoa kwenye rundo lake punje tatu.

"Umesema moja."

"Moja yangu. Mbili za kumbeba."

"Kumbeba nani?"

Alinionyesha kanuni ya kumi na saba. Iliandikwa kwa mkono wa Frederick. Ile *k* yake yenye mkia ningeitambua popote. Mchezaji asipokuwepo, msafiri wake haachwi njiani, bali hubebwa na mwenzake, nao wanaweza kupokezana. Anayetaka kumwacha sharti aseme kwa sauti, "Namwacha," na mchezaji mwingine aitikie, "Na aachwe." Bila kuitikiwa haihesabiki.

"Prosper alipohama tulimwacha kijiji cha wafua vyuma," Aminiel akasema. "Alikuwepo mwenyewe, anacheka, anasema tumtafutie mke huko. Mikidadi naye nilimpigia simu ya Tanga. Nikasema, akajiitikia mwenyewe. Alisema, 'Niacheni kwenye kivuli, jamani, jua kali.'"

"Na Frederick?"

"Mikidadi alitaka tumwache kwa heshima. Nikamwambia wiki ijayo. Tukawa tunapokezana, tunakwenda polepole. Halafu Mikidadi akaondoka, na mimi ndiye niliyekuwa zamu."

Kwa hiyo miaka yote ile mimi nikijivunia kaburi la vigae na picha iliyopigwa fremu, huyu alikuwa akimbeba kaka yake mlimani, punje mbili kila kituo, na kila mara anaanguka naye mahali pale pale.

Mimi ni mtu wa kumaliza mambo. "Vizuri," nikasema. "Leo kuna mtu wa kuitikia. Sema, nikuitikie, ufike ziwani, daftari lako likamilike, tulifiche kwangu kabla ya Jumapili."

Alisimama. Akaweka mikono pembeni kama mwanafunzi anayeimba. Akasema, wazi kabisa, hata Mama Saadi lazima alisikia:

"Namwacha."

Ikawa zamu yangu. Maneno yenyewe ni mawili. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, nilisoma risala mbele ya wakuu wa mikoa, nilisoma wasifu wa mume wangu kaburini bila kutetemeka, watu wakanisifu. Nilifungua kinywa. Nilimwona Aminiel akinisubiri, kope zake hazitikisiki, na sikuweza kujua kama anaomba niseme au anaomba nisiseme.

"Nipe karatasi yake," nikasema.

"Shemeji?"

"Karatasi ya Frederick. Na punje kumi na mbili. Kanuni inasema wanaweza kupokezana. Au nimesoma vibaya?"

"Hujasoma vibaya."

"Basi anza upya. Mimi nachukua zamu ya kwanza."

Hakuwa na karatasi ya msafiri mpya. Alinichorea mmoja haraka, akaniuliza jina. Nikamwambia aandike langu, Sabina. Nilikuwa mchezaji mbaya. Nilitaka kujua sababu ya kila kitu, nikamsahihisha alipoandika *kiongoziji*, na dadu lilidondoka mara mbili chini ya kitanda. Lakini tulifika kituo cha tatu, na nilikuwa na punje tano.

Hapo Efraimu akapiga simu.

"Mama Nice, umemkuta vipi?"

"Ana akili timamu, baba. Anaandika kanuni, mimi nazisahihisha."

"Kanuni za nini?"

Neno *kamati* lilikuwa tayari mdomoni. Lilinitumikia miaka ishirini na halikuwahi kuniangusha. Aminiel alikuwa ameinamia ramani, amejifanya hasikii.

"Za mchezo," nikasema. "Ule waliokuwa wakicheza nyumbani kwangu na Frederick."

"Ule wa dadu?"

"Wa dadu."

Nilisikia ng'ombe wake upande wa pili.

"Na hizo sauti?"

"Mchezo unataka watu wawili, na yeye alikuwa mmoja. Kuanzia sasa tutakuwa wawili. Jumapili msije."

"Mama Nice. Watu watasema na wewe."

"Waseme, baba."

Alikata simu bila kuaga. Jumapili hakuja mtu Olasiti, ila pale kanisani, benchi langu lilikuwa na nafasi kubwa kuliko kawaida. Nilikaa wima kama siku zote.

Siku ile hatukufika ziwani. Ilinibidi nirudi kabla ya giza. Kabla sijaondoka Aminiel alifungua ukurasa wa kwanza akaandika: toleo la tano, wachezaji wawili. Kisha akanipa kalamu niandike sababu. Niliishika, nikatafuta, nikamrudishia. Nafasi ile bado ni nyeupe. Nilimwambia Jumamosi ya wiki ijayo aje Akheri, meza ipo, na nikaondoka na karatasi ya Frederick kwenye mkoba, kwa kuwa zamu ilikuwa yangu.

Jumanne Mama Saadi alinipigia.

"Mwalimu, samahani. Shemeji yako siku hizi kimya kabisa. Hazungumzi na mtu. Anaumwa?"

"Haumwi. Anasubiri Jumamosi."

"Basi sawa. Nilikuwa nimeshawazoea," akasema.

Niliweka simu juu ya meza ya mninga. Nilikuwa nimeipangusa asubuhi, ingawa zilibaki siku nne. Karatasi ya Frederick ilikuwa mahali pake pa zamani, upande wa dirisha, na punje zangu tano kando yake. Dirisha nililiacha wazi.