Tumbo la Sista wa Wodi

Mwezi uliopita nilianza kazi ya kusukuma vitanda hospitalini hapa Birmingham. Mkuu wa wodi yetu, mama mwenye kitambaa cheupe kichwani, kila mtu alimwita Sista. Kwetu Kenya sista ni mtawa, na historia ya Kanisa niliisoma shule ya usiku: watawa wa Mtakatifu Klara huapa kutoolewa. Basi nilipoona tumbo lake limetokeza, nilisimamisha kitanda na mgonjwa wake katikati ya njia. Nikisema, nitafukuzwa kazi. Nikinyamaza, nitaungua motoni pamoja naye. Jana nikamnong'oneza, "Sista, siri yako ninayo. Askofu akiniuliza, nitasema umeshiba viazi."

Alinikazia macho, akaniambia kwamba huku Sista ni cheo cha muuguzi mkuu tu, kisha akamwita daktari aliyekuwa akipita. "Mume wangu, hebu njoo. Kumbe mtoto wetu ni viazi."