Kopo la Bosi

Mama wa maabara ana mkono wa kuandika na mkono wa kukataa, na wa kukataa ndio mnene. Kila kopo la mkojo wa kutwa kucha, wa kupima kama figo bado zinachuja, hulinyanyua dirishani, akalitikisa, akalinusa. Pua ile hutambua hata ukoo wa mtu. Siku moja bosi wake mwenyewe, miguu imemvimba kama mito ya kulalia, alileta lake limejaa pomoni.

“Baba, umejazia maji ya bomba. Nikipima haya, nitasema bomba ni zima.”

“Unanijua mimi?”

“Uso naujua. Figo ndizo sijazijua.” Akalimwaga mbele ya foleni nzima, akamrudishia tupu. “Kanikusanyie upya. Ukitaka kunifukuza, nifukuze ukiwa hai.”