Mkalimani wa Majimbo Matatu

Mtaani kwao Al Amerat, Maskati, walimwita Harub Mchina, na wageni waliolisikia jina hilo walitarajia kuonana na muuza vyombo vya plastiki. Wakakutana na mzee mrefu wa Kiunguja, kanzu imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, aliyewakaribisha kwa kahawa na tende kama Mwomani mwingine yeyote.

Jina alilipata kwa haki. Ujanani, miaka ya sitini, serikali ya Unguja ilimpeleka China pamoja na vijana wenzake kumi na mmoja wakasomee umwagiliaji. Chuo chao kilikuwa mpakani mwa majimbo mawili jirani, yaliyokijenga kwa ubia ili kuuonyesha ulimwengu jinsi yanavyopendana. Mabweni yalikuwa ng'ambo hii ya mto, madarasa ng'ambo ile, na katikati palikuwa na daraja la mbao. Harub alilivuka kila asubuhi kwa miaka mitatu. Alirudi na shahada yenye jalada jekundu, na Kichina kilichomkolea mpaka akawa anaota nacho.

Mwaka 1976 akahamia Maskati kama jamaa zake wengi. Siku hizo nchi ilikuwa inajijenga, na mwenye karatasi yoyote alipata kiti. Binamu yake aliyesoma Cairo alipewa meza. Mwingine, aliyejifunza kupiga taipu London, alipewa ofisi nzima na karani wa kumpigia taipu. Karatasi ya Harub hakuna aliyejua hata juu yake ni wapi na chini ni wapi. Idara moja ya maji ikamwambia alete uthibitisho kutoka kwa mwenye chuo, na kwa sasa akae stoo.

Akaandika barua. Lakini chuo kilikuwa kimeshafungwa, na jimbo la kwanza likamjibu kwa adabu kubwa kwamba majalada yote yalichukuliwa na ndugu zao wa jimbo la pili. Jimbo la pili likajibu kwa adabu kubwa zaidi kwamba majalada yalibaki kwa ndugu zao wa jimbo la kwanza. Miaka ya tisini ilipoleta faksi, Harub akatuma faksi, na sasa akapata majibu yale yale kwa haraka. Safari moja hata jimbo la tatu, lisilohusika kwa lolote, lilimwandikia kuwatakia ndugu zao hao wawili maelewano mema.

Hiyo "kwa sasa" ikachukua miaka ishirini na tisa. Stoo yenyewe ilikuwa Mawaleh, karibu na soko la mboga, kwa hiyo Harub alirudi nyumbani kila siku akinukia vitunguu ambavyo hakununua. Kazi yake ilikuwa kuwapa mabomba na vali wataalamu walioletwa kutoka nchi za mbali kuwafundisha Waomani habari za maji. Mara nyingine aliwaambia kwa upole kwamba bomba hilo halitastahimili pale wanapotaka kulitia. Walimshukuru, wakalitia, likapasuka, wakarudi kwake kuchukua jingine.

Ilipofika mwaka 2005, Harub alikuwa amebakiza miezi kumi atimize sitini na astaafu. Alichotaka hakikuwa pesa. Alitaka kutoka kazini akiwa ameandikwa mhandisi, walau kwa siku moja, maana alimchumbia mkewe Masouda kwa cheo hicho. Baba mkwe alikuwa ametangaza posa mtaa mzima: binti anaolewa na mhandisi. Mpaka leo, kila wanapokutana harusini au msibani, wanawake wa upande wa mkewe huuliza, "Mhandisi wa stoo hajambo?" Masouda hujibu kwamba hajambo, kisha huzungumza habari nyingine. Hakuwahi kumlalamikia mumewe hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma Harub kuliko kama angelalamika.

Ndipo ukaja ujumbe wa Wachina. Majimbo matatu jirani, yale mawili ya mtoni pamoja na lile lililomwandikia Harub kuwatakia mema, yalikuwa yametia saini mkataba wa ushirikiano wa utamaduni na uchumi. Sasa walikuwa wanauzungusha mkataba huo duniani kama watu wanavyozungusha picha za harusi. Wangekaa Maskati wiki moja: ngoma moja, onyesho moja, sauti moja. Kwa vile Wachina hao hutengeneza pampu, idara ya maji ikatakiwa kuwa mwenyeji, na mkalimani aliyekodiwa kutoka Dubai akatoa udhuru siku mbili kabla.

Mkuu wa idara, Bwana Mohammed, alikuwa kijana wa miaka thelathini na nane ambaye mama yake ni wa Pemba. Kazini alizungumza Kiarabu tu, isipokuwa anapohitaji kitu. Siku hiyo aliteremka mwenyewe hadi stoo.

"Ammi Harub," alisema, "nasikia weye Kichina unakijua."

Harub akasema, "Nnajua kidogo." Mohammed akamwambia hicho kidogo ndicho anachokitaka, na Harub, aliyeingoja siku hiyo karibu miaka thelathini, akaomba neno moja tu: wakuu wa majimbo wakithibitisha chuo chake, je, yeye mudiri, mkuu wa idara, atalipeleka jalada lake kwenye kamati ya vyeti? Mohammed akaapa. Alitaka kauli moja tu, ya mwenye chuo, itamkwe hadharani na iandikwe kwenye tamko la mwisho. Masouda akamfukizia mumewe kanzu mpya kwa udi, na Harub akaitia shahada yake katika bahasha na kwenda kupokea wageni.

Ile sauti moja ilidumu kuanzia uwanja wa ndege hadi mlangoni mwa hoteli. Hapo viongozi watatu, Mzee Luo na Bibi Fan wa majimbo ya mtoni, na Bwana Qiu wa jimbo la tatu, walisimama juani wakibembelezana, kila mmoja akimsihi mwenzake atangulie. Ilikuwa heshima, lakini anayetangulia angeonekana hana adabu, na anayebaki nyuma angeonekana jimbo lake ni dogo. Walibembelezana mpaka shingo zikawa nyekundu. Ndani nako mambo hayakuwa bora. Mabango yao yalikuwa yamepimwa kwa futikamba, na la Bibi Fan lilikutwa limezidi kwa vidole viwili, likakunjwa. Majimbo mawili yalileta chai ya mlima mmoja, mlima ambao mpaka unapita juu ya kilele chake, na kila upande ulieleza kwamba chai ya upande wa pili hupigwa na upepo mbaya. Ngoma ya mavuno ilichezwa mara tatu kwa hatua zile zile, na kila mara watazamaji waliambiwa kwamba hii ndiyo ya asili.

Mzigo wote huo ulimwangukia Harub. Mzee Luo aliposema jirani yake ni mwizi wa ngoma, Harub alitafsiri kwamba utamaduni hauna mipaka. Bibi Fan aliposema pampu za Bwana Qiu hazitamaliza mwaka, Harub aliwaeleza Waomani kwamba kuna nafasi kubwa ya kuboresha teknolojia. Mohammed na wenzake wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hawakuwahi kuona majirani wanaopatana namna ile.

Siku ya pili likazuka suala la kahawa. Mnywesha kahawa wa Kiomani huanza kwa mtu mmoja na kuendelea kuliani, na hakuna dini wala sheria itakayomfanya awamiminie watu watatu kwa mpigo. Bwana Qiu alikataa kikombe kwa kuwa alikuwa wa tatu, na wengine wawili wakakataa kwa kuona vibaya kunywa bila yeye. Harub akakumbuka falaj, mifereji ile ya kale inayoshusha maji kutoka milimani hadi mashambani. Kila shamba lina zamu yake, na zamu zenyewe huzungushwa ili asiwepo mtu anayepata maji ya saa mbaya siku zote. Akawapangia zamu. Leo Luo wa kwanza, kesho Fan, keshokutwa Qiu, na iwe hivyo hivyo mlangoni, mezani, kwenye hotuba na kwenye ngoma.

Ikawa kama amewatua mizigo. Wachina wakanywa kahawa, wakapigana picha, na makatibu wao wakauandika mpango huo kwenye madaftari kwa jina la Utaratibu wa Maskati. Bibi Fan alimshika Harub mkono na kumwambia kwamba tangu wasaini mkataba hawajawahi kushirikiana kweli ila siku ile.

Harub akaona huo ndio wasaa. Siku ya tano walipopelekwa pwani ya Yiti kula samaki wa kuchoma, aliifungua bahasha na kuwaeleza habari zake zote, bila haraka na bila haya. Waliisoma shahada kwa zamu. Mzee Luo akasema ni kweli, na majalada yako kwa Bibi Fan. Bibi Fan akasema ni kweli tupu, na majalada yako kwa Mzee Luo. Wakabishana mpaka samaki akapoa. Hatimaye wakamgeukia wakamuuliza: alipokuwa mwanafunzi, alilala ng'ambo ipi ya mto?

Harub akasema kweli, kwamba alilala kwa Luo na kusoma kwa Fan. Basi Luo akasema shahada hutolewa darasani, na Fan akasema mwanafunzi huandikishwa anakolala. Bwana Qiu, aliyependa kila mtu apatane, akaahidi kwamba jambo hilo litaingia kwenye tamko la mwisho bila ya shaka yoyote. Harub alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba jina lake litasomwa ukumbini. Masouda akawapigia simu dada zake wote, hata wale wa msibani.

Tamko lilisomwa siku ya mwisho, saa tano asubuhi, ukumbi umejaa. Mohammed alikaa mbele, na pembeni yake mjumbe wa kamati ya vyeti aliyemwalika mwenyewe. Masouda alikaa nyuma na dada zake, kanga mpya juu ya nguo. Bwana Qiu, ambaye ndiye mwenye zamu, alisoma kifungu baada ya kifungu, na Harub akatafsiri kwa Kiarabu. Kifungu cha kumi na moja kilikuwa chake. Qiu alikisoma kwa sauti ya furaha: suala la ndugu Harub litashughulikiwa na kamati ya pamoja ya majimbo matatu, itakayokutana kila baada ya miaka miwili, na jalada lake litakaa kwa kila jimbo kwa zamu, kwa mujibu wa Utaratibu wa Maskati.

Wachina wakapiga makofi. Kisha wote wakamgeukia mkalimani.

Mle ukumbini hakuna mwingine aliyezijua lugha zote mbili. Tafsiri ya maandishi nayo alikuwa aiandike yeye. Wiki nzima Harub hakupitisha hata sentensi moja kama ilivyotamkwa, na sasa yalihitajika maneno matatu tu: wamethibitisha, ni mhandisi. Wachina wangepiga makofi kwa kifungu chao, Mohammed kwa chake, na Masouda angerudi Al Amerat kichwa juu. Harub aliyaona hayo yote kwa uwazi, na aliyataka.

Lakini shahada yake ilikuwa ya kweli. Alivuka mto miaka mitatu kwa ajili yake, baridi ikimtafuna masikio. Akiipitisha leo kwa uongo, itakuwa ya uongo, na yeye ndiye atakayekuwa ameiharibu. Akakitafsiri kifungu cha kumi na moja neno kwa neno, hata ile "kila baada ya miaka miwili".

Ukumbi ukapiga makofi. Mjumbe wa kamati ya vyeti alipiga kwa adabu, akafunga faili lake. Nyuma kule dada zake Masouda walimtazama dada yao, naye Masouda alikuwa anamtazama mumewe tu, mikono mapajani. Yeye peke yake hakupiga makofi.

Walipokuwa wanatoka Mohammed alimfuata Harub, uso umemkunjuka, akamshika bega. Alisema wizara imefurahi, Wachina wamefurahi, na mwakani watakuja wengine.

"Ammi Harub, wallahi umetupa sharaf, umetupa heshima," alisema. "Kichina safi namna hiyo! Umekisomea wapi?"

Harub alimwangalia kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Chuoni, mudiri," akasema.

"Basi lete hicho cheti, tukuweke mkalimani rasmi."