Mama Pembe na Kurasa Zilizochanwa

Saa mbili asubuhi, Mama Pembe yuko juu ya ukuta, penseli sikioni, akipokea ubao wa mwisho wa kenchi ya paa.

"Taratibu, mume wangu, usinitoe meno!"

"Meno yenyewe yamebaki mangapi?" anajibu mumewe kutoka chini. Yeye ndiye msaidizi wake.

Ubao unakaa barabara. Kileleni hakuna mwanya wa kupitisha hata ukucha.

Kwa miaka ishirini na miwili, mama huyu wa miaka arobaini na tisa amepaua nyumba kwa kukisia. Alijaribisha ubao, akakata, akajaribisha tena. "Kila paa lilinilia mbao mbili tatu," anasema. Mwaka jana alijiunga na darasa la watu wazima, akakutana na sini na kosini, hesabu za pembe na pande za pembetatu.

Wiki iliyopita, masomo hayo yalimtoa jasho. Nyumba hii ni ya wifi yake, na mbao zilikuwa za kutosha tu, bila ya akiba. Nusu ya upana wa nyumba ni mita nne, mteremko wa paa nyuzi thelathini na tano. Urefu wa ubao ulihitaji kosini. Akafungua kitabu chake cha majedwali, cha mtumba: kurasa zote za kosini zimechanwa! Na simu yake ya vibonye haikuwa na msaada.

"Nilitaka kulia," anakumbuka.

Akachora pembetatu mchangani. Pembe ya ukutani, thelathini na tano. Ya kileleni, hamsini na tano. Akaitazama weee.

"Nikaona, upande unaopakana na pembe ya chini ndio huohuo unaoikabili pembe ya juu. Basi kosini ya thelathini na tano ni sini ya hamsini na tano! Na kurasa za sini ninazo."

Akapata 0.8192. Akagawanya nne kwayo: mita nne na sentimita themanini na nane. Akakata mbao zote.

"Wifi, zote? Bila kujaribu hata moja?" mwenye nyumba alishika kichwa.

Ubao wa kwanza ulipopandishwa, ulikaa. Wifi akapiga vigelegele.

Jumamosi alimsimulia mwalimu wake, naye akacheka. "Somo hilo ni la mwezi ujao. Umetutangulia!"

Novemba, Mama Pembe atafanya mtihani wa kidato cha nne. Baada ya hapo anataka kuwafundisha mafundi wenzake, hapohapo kazini.

"Wengi wanaiogopa hesabu kama nilivyoiogopa mimi," anasema. "Nitawaambia, mbona mnaikanyaga kila siku huko juu ya paa?"