Barua Iliyongoja Pole

Nilipomwambia baba kwamba nataka kwenda kusomea barafu, alicheka mpaka akavua miwani. Kwetu Kilosa, barafu ni kitu cha kufungwa kwenye kimfuko cha nailoni na kuuzwa kwa watoto wa shule. "Digrii moja unayo," akasema, "sasa unatafuta ya kugandisha maji?"

Nikamweleza. Kule ncha ya kusini ya dunia kuna barafu nene kupita urefu wa milima yetu ya Rubeho, na wala haijatulia. Inateremka kuelekea baharini polepole, kama uji mzito kwenye sinia lililoinamishwa. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kinatafuta wanafunzi wa shahada ya uzamivu, watu wa hesabu, wa kukokotoa kwa kompyuta jinsi barafu ile inavyosogea na jinsi itakavyopandisha bahari ikiyeyuka. Mimi nilikuwa mtu wa hesabu. Baba alikuwa karani wa reli, na alikwisha kuona mto Mkondoa ukibeba tuta la reli mara ngapi sijui. Akaacha kucheka.

"Maji yasiyokadiriwa ni balaa," akasema. "Omba."

Niliomba. Kwenye fomu niliandika sanduku la posta la ofisini kwa baba, maana ndilo lililokuwa sanduku letu sote tangu tuzaliwe.

Kisha upunguzaji wa wafanyakazi ukaingia. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, watu wanarudishwa nyumbani kwa barua ya mistari minne. Ofisini kwa baba walikuwa makarani wawili, akaondolewa yeye. Aliyebaki, na ufunguo wa sanduku la posta, ni yule tuliyemwita baba mdogo. Hatukuwa na undugu naye wa damu, lakini watoto wake walilala kwetu nasi tukala kwake. Tukahama nyumba ya reli, tukapanga vyumba viwili karibu na soko.

Watu walikuja kutoa pole kama wanavyokwenda msibani. Baba mdogo hakuja. Ukapita mwezi, ikapita miwili. Baba hakumtaja, ila kila akisikia hodi alinyoosha shingo. Mimi nilikuwa nafundisha Mikumi, nikirudi nyumbani kila Jumamosi, na kila Jumamosi niliomba ruhusa ya kwenda kuulizia barua yangu.

"Mwenye barua zetu anajua tunakokaa," baba alinijibu kila mara. "Hakuna mtu wa nyumba hii atakayekwenda kusimama pale dirishani."

Ningeweza kwenda kwa kificho. Siku moja nilifika mpaka relini, nikageuka. Nina mengi ya kumlaumu baba, lakini hili ni langu mwenyewe. Niliona uchungu kumpa shikamoo mtu aliyebaki kazini wakati baba ameondolewa.

Mwezi wa sita, Jumamosi ya pili, baba mdogo akapiga hodi. Alikuwa amekumbatia jogoo, na kwenye kikapu ana sukari na kitenge cha mama. Baba aliinuka. Wakashikana mikono, hawakuachiana.

"Nisamehe, kaka," baba mdogo alisema. "Nilikosa uso. Wewe umeondolewa, mimi nimebaki, nije nikwambie nini?"

Baba alilia waziwazi. Mama akakimbilia jikoni.

Ndipo mgeni wetu akatoa bahasha, ameizungushia gazeti isichafuke. "Mwanangu, hii ilifika mwezi wa nne. Kila siku nasema leo nitaipeleka. Lakini ningeingiaje humu na barua mkononi, pole sijatoa? Ingekuwa nimeletwa na barua, si na ndugu yangu."

Niliisoma nimesimama. Nilikuwa nimepata. Walitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. Asiyejibu, nafasi yake angepewa mwingine. Jumatatu yake niliwaandikia hata hivyo, nao wakanijibu kwa adabu kwamba mwingine ameshapatikana. Lakini pale mlangoni nilijua tayari. Nilitamani kumtupia bahasha ile usoni. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mzee kwa dakika ile, naye baba amemshika bega, anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuhame.

"Wanasemaje?" baba akauliza.

"Nafasi zimejaa."

Baba alitikisa kichwa. "Basi wenzako walikuzidi. Si haba, ulijaribu."

Baba mdogo alishusha pumzi ndefu, mabega yake yakalegea. "Afadhali, mwanangu. Nilikuwa naogopa nimekuchelewesha."

"Hapana, baba mdogo," nikamwambia. "Hujanichelewesha."

Mama akaleta chakula. Nikachukua birika na beseni, nikapiga magoti mbele ya baba mdogo, nikamnawisha mikono.